Betri za Mkwe Wangu Zilivyomzika Mwanangu Mara ya Pili

Wasomaji wenzangu, mimi ni bibi wa miaka sitini na kitu. Hicho "kitu" alikijua marehemu mama yangu peke yake. Nalima mbaazi na mahindi hapa Singe, Babati. Shule yangu ni ile ya watu wazima tu, lakini barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sitaki mtu aniandikie, maana atailainisha. Na mimi sitaki ilainike!

Nilizaa watoto wengi, wakabaki wachache. Katika hao alikuwamo binti yangu Veronika. Msichana wa kucheka… akicheka hata kuku wanageuka kumtazama. Aliolewa na kijana wa hapa hapa Babati, Yohana. Kijana mtaratibu, mwenye salamu ndefu. Mahari alitoa bila kelele. Nikajisifu kwa wenzangu kwamba nimepata mkwe.

Mimba ilipokuwa kubwa, Veronika alikuja kwangu kusubiri kujifungua. Marehemu mume wangu alikuwa na redio ya kaseti, aliinunua zamani wakati madukani bado kuna vitu. Siku moja Veronika aliweka kanda tupu, akabonyeza kitufe, akaanza kuongea na mtoto aliyekuwa tumboni. Alimwimbia wimbo wa kubembeleza wa kwetu milimani. Akamweleza mama yake ni nani, anapenda nini, anaogopa nini. Alicheka sana. Mimi nilikuwa napepeta mahindi hapo hapo, nikamwambia anamaliza betri za baba yake bure!

Alijifungua mtoto wa kike. Yeye hakuamka tena.

Mtoto tukamwita Paskalina. Baba yake, Yohana, alikaa msibani, akalia, akaondoka. Baada ya muda akaoa mke mwingine. Sikumlaumu, mwanamume kijana hawezi kukaa bila mke. Mtoto akabaki kwangu. Nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe na kwa uchungu.

Ile kanda niliifunga kwenye kitambaa nikaitia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, mkebe nikauweka chini ya kitanda. Niliisikiliza mara moja tu. Fundi mmoja alinionya kwamba kanda kila ikipigwa inalika kidogo. Basi nikasema itapigwa siku Paskalina atakapopata kipaimara. Siku hiyo atakuwa na akili ya kumsikia mama yake.

Yule mtoto aliingoja siku hiyo! Wenzake wakimngojea askofu, yeye alikuwa anangojea mkebe. Alikuwa akiuliza: Bibi, sauti yake ni nyembamba? Inafanana na ya mama mdogo? Namjibu, utaisikia mwenyewe.

Sasa, nyote mnaijua miaka hii tuliyo nayo. Sabuni hakuna. Sukari ni ya kunong'onezana. Dukani unamkuta mwenye duka amekaa na mizani yake kama mtu anayelinda kaburi. Na betri ndiyo usiseme! Redio za watu zimekuwa viti vya paka. Wenye betri nusu nusu tunazianika juu ya bati pamoja na mbaazi, jua lizipashe, zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari. Betri ikigoma, unaing'ata ubavuni. Ndiyo, unaing'ata kwa meno, ibonyee, itoe pumzi yake ya mwisho. Msinicheke, na ninyi mnafanya hivyo hivyo.

Mimi meno yangu ya mbele yana historia. Nikiwa msichana punda alinipiga teke. Jino moja likaenda moja kwa moja, la jirani yake likakatika mshazari. Kwa hiyo nikiuma kitu, hata kiazi, kila mtu nyumbani anajua ni bibi ndiye aliyekionja. Hilo likumbukeni.

Katika shida hiyo, mkwe wangu Yohana akafungua kibanda cha vifaa vya redio pale mjini: nyaya, vifuko vya ngozi vya kuvalisha redio, sindano za santuri, kanda. Akapita nyumba kwa nyumba, mpaka Mutuka huko, akiomba betri zilizokufa. Alisema anakusanya kwa ajili ya shule, ule unga mweusi wa ndani upakwe kwenye ubao. Ni kweli, unga wa betri hupakwa ubao. Nani angemnyima? Tulimpa bure, tena na ahsante juu! Mimi mwenyewe nilimjazia kibuyu kizima, nikamwambia mjukuu amkimbilie na nyingine aliyoisahau.

Baadaye kidogo, ajabu ya Mungu, Yohana akawa na betri mpya! Watu wanauliza, umezipata wapi? Anatabasamu. Anasema, mwenye macho haulizi njia ya kisima, anachota. Na ukinunua betri anakupa kanda ya muziki bure. Bure! Watu wa Babati wakamiminika. Kanda yenyewe alirekodi kutoka redioni, katikati ya wimbo unasikia jogoo wake anawika na mke wake anamfokea mbuzi. Lakini ni ya bure, nani atalalamika?

Kipaimara kilipokaribia nilimpelekea debe la mbaazi safi, nikataka betri za kujaza redio yangu. Nikamweleza ni za nini. Nilimwambia kwa kinywa changu: ni za kusikia sauti ya Veronika. Aliinamisha kichwa. Akasema, "Mama, hizo nitakuchagulia mwenyewe."

Na akazichagua!

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mnielewe. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wana heshima yao. Simwangalii usoni. Sili mbele yake, sifungui kinywa nikaonyesha meno mbele yake. Akinipa kitu nakipokea kwa mikono miwili, macho chini. Nitaanzaje kufungua betri za mkwe pale pale na kuzijaribu, kama namwambia wewe mwizi? Angekuwa mfanyabiashara mwingine yeyote ningezigeuza, ningezinusa, ningemwambia atie kwenye tochi niione inawaka mpaka mkono wake uchoke. Kwa mkwe nilizitia ndani ya kanga nikaenda zangu. Nikashukuru hata.

Siku ikafika. Misa ikaisha. Paskalina amevaa gauni jeupe lililoshonwa kwa pazia, maana kitambaa kingetoka wapi? Watu wamejaa uani. Yohana naye amekuja kama baba wa mtoto, amekalishwa kwenye kiti cha mbele. Nikatoa mkebe. Watu wakasogea, hata watoto. Nikabonyeza.

Kwanza sauti yake… safi! "Mama, imeanza?" Halafu kicheko. Mungu wangu, kile kicheko! Dada zake wakashika midomo. Paskalina alisogea mpaka paji la uso likagusa redio.

Halafu Veronika akasema, "Mwanangu…" na sauti ikaanza kuzama. Ikawa nzito. Ikawa ya mwanamume. Ikawa ya ng'ombe anayechinjwa! Nikakimbilia kuzima, kanda ikawa imeshajisokota ndani, mashine inaitafuna. Nilipoivuta ikatoka kama utumbo wa kuku, imekunjamana, imekatika.

Paskalina akaniangalia. Akauliza mbele ya watu wote, "Bibi, mama yangu alikuwa anaongea hivyo?"

Wasomaji, nimezika mume. Nimezika watoto. Sijawahi kuulizwa swali kama lile.

Na yule mkwe wangu, mnajua alisema nini? Alikohoa, akasema, "Mama, mashine yako imezeeka. Njoo kesho kibandani, nitakupa betri nyingine, hizo za bure kabisa."

Asubuhi nilifungua mgongo wa redio. Betri zilikuwa zimelia, zimetoa maji yale ya kutu yanayokula chuma. Karatasi ngumu ya juu, ile ya picha, imelowa na kubanduka. Nikaibandua yote. Ilikuwa imegandishwa kwa uji! Uji wa mahindi, nilionja. Na chini yake, ubavuni mwa betri… alama. Shimo la jino, nafasi tupu, halafu mkwaruzo wa mshazari.

Meno yangu.

Niliketi chini. Alizichukua kwangu bure, akazianika, akazivalisha nguo mpya, akaniuzia mimi mwenyewe! Betri iliyopashwa jua inaamka kwa muda mfupi, inakudanganya, halafu inakufa kabisa. Alijua. Alijua ni za sauti ya nani. Ya yule aliyekuwa akimwita "mke wangu"! Mtoto aliyekaa mbele ya redio ni damu yake! Angeninyima tu, ningengoja mwaka mwingine. Kanda ilikuwa imengoja miaka yote hiyo, haikuwa na haraka.

Sikulia. Nilisubiri siku ya mnada.

Mnaijua Babati siku ya mnada. Wamasai na ng'ombe wao, wauza vitunguu, akina mama wa Bonga na kuku vichwa chini. Nikavaa kanga yangu nzuri. Nikapita katikati mpaka mbele ya kibanda. Yohana aliponiona akainama. "Shikamoo, mama."

Sikuitikia.

Watu walio karibu wakageuka. Salamu ya mkwe isiyoitikiwa ni kama risasi. Nikasema kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Baba Paskalina! Inua uso, niangalie mdomoni!"

"Mama, kuna watu hapa…"

"Ndiyo nimewafuata!"

Nikafungua kinywa changu chote mbele ya mkwe wangu, kitu ambacho mama yangu angekufa kabla ya kukiona. Nikachukua ile betri iliyovuliwa nguo, nikaiweka kwenye meno. Jino likaingia kwenye shimo lake, pengo likakaa kwenye pengo lake. Nikazunguka nayo mdomoni, kila mtu aone, kama mbwa mwenye mfupa. Nilikuwa sina haya hata kidogo!

Mchukuzi mmoja wa magunia akapiga kelele: "Jamani! Bibi amefuata meno yake!"

Kicheko kilichopasuka pale, ng'ombe walikata kamba. Mama mmoja akasema, "Na mimi hebu nitazame zangu," akabandua, akakuta msalaba ambao mumewe huchora kwa msumari kwenye betri zake. Mzee mwingine akakuta zake. Kila mtu anabandua! Karatasi za picha zikatapakaa kama maganda ya karanga. Wengine wakamrushia zile kanda za bure, yule jogoo anayewika ndani yake akarudi nyumbani.

Yohana akaninong'oneza, jasho linamtoka, "Mama, unavunja heshima ya ukwe?"

Nikamjibu wote wasikie: "Ukwe ulikufa na Veronika. Kipande kilichobaki umekiozesha wewe ndani ya redio!"

Kibanda hakikufunguliwa tena. Watoto wakimwona njiani walikuwa wakimwimbia, "Ng'ata! Ng'ata!" mpaka akahama Babati pamoja na mke wake. Wazee wa kwao waliniletea kondoo na asali, tusafishe maneno, maana hata mimi nilivunja mwiko. Asali niliirudisha. Kondoo nilimrudisha, na alikuwa amenona. Padre akaniambia nisamehe. Nikamwambia, baba, siku betri iliyokufa itakapopiga redio bila kuanikwa, nitasamehe. Alitikisa kichwa akaenda. Bado simsamehe. Usiku nalala vizuri!

Ninyi mnaosoma, nawaomba, msipite nilipopita. Ukinunua kifaa, kijaribu hapo hapo mbele ya muuzaji, hata kama ni mkwe, hata kama ni paroko. Betri ibandue karatasi uone ngozi yake. Iliyokufa usimpe mtu kabla hujaitoboa kwa msumari. Na mtu akikupa kitu cha bure, muulize kinakula nini. Hata wale wanaoleta bembea za kuzunguka uwanjani siku za sikukuu: kuingia wanasema ni bure, mtoto akishaingia, kila farasi wa mbao ana mdomo wa kulishwa. Bure ya Yohana ilikula sauti ya mwanangu. Heshima nayo msiiache, ila msiifumbie macho.

Mtauliza kanda iliishaje. Nilimpelekea fundi mmoja wa Bonga, akakata palipotafunwa, akaunga kilichopona. Wimbo umekwenda. Maneno yote aliyomwambia mtoto yamekwenda. Kimebaki kipande cha mwanzo tu, kifupi kama kupiga chafya.

Jumapili baada ya misa Paskalina anauleta mkebe. Betri tulizonazo ni mpya kweli, nimezing'oa karatasi mwenyewe dukani, muuzaji akiguna. Anabonyeza. "Mama, imeanza?" Kicheko. Basi.

Na yule mtoto, ingawa swali hilo mama yake aliniuliza mimi, kila mara anainamia redio na kumjibu mama yake: "Ndiyo, mama. Imeanza."

Halafu tunazima. Tunatunza betri.