Kengele Iliyouzwa Liège

Siku Achille Sikuli alipotoa majani tumboni mwa kengele, mbwa wote wa mtaa wa Murara, mjini Goma, walinyamaza.

Hakugundua mara moja. Nani anasikilizaga kimya cha mbwa? Alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake ya mbao, jua la asubuhi juu ya lava, kengele ameibana katikati ya magoti, anaichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia. Ilikuwa kengele ndogo ya chuma, ya kuvalisha mbwa shingoni, nzito kuliko umbo lake. Jirani yake, Papa Bulonza, aliichimbua alipokuwa akivunja jiwe la lava ya 2002, mwaka mlima ulipotapika moto, ili apate shimo la choo. Chini ya lava, chini ya ule moto uliomeza nusu ya mji na kuyeyusha hadi injini za malori, kengele ilikuwa imelala na majani yake tumboni. Majani hayakuungua. Yalikuwa bado na ukijani.

Mtu mwenye licence, digrii ya chuo kikuu, ya relations internationales angejiuliza kidogo. Achille alijiuliza bei.

Tangu apate diplome, nchi yake ilikuwa imempa kazi moja tu, ya kungoja. Basi akafungua ukurasa kwenye simu, akawa anauzia wapenzi wa vitu vya zamani: sarafu za Congo belge, timbre za barua, vikombe vya misheni, radio za babu za watu. Wateja wake walikuwa wa Goma na Bukavu. Ng'ambo hakutuma kitu. Hiyo ilikuwa sheria ya mke wake, Umwiza, tangu walipotuma radio Marseille, mteja akadai imefika imevunjika, akarudishiwa pesa zake, na radio akabaki nayo.

"Inje hatutume," Umwiza alikuwa akisema. "Mutu wa hapa akikudanganya, unajua mulango yake. Yule wa Ulaya utamufuata na pirogue mu bahari?"

Lakini huyu mnunuzi wa Liège, mji wa Wabelgiji, Monsieur Émile, muzee mwenye kabati la vioo lililojaa kengele za dunia nzima, aliandika kwa adabu ambayo hakuna ofisi ya Goma iliwahi kumwonyesha Achille. Aliomba kitu kimoja tu: kabla hajanunua, aisikie. *Je voudrais l'entendre.* Ndiyo sababu ya sindano.

Majani yalitoka yote kwa pamoja, kama donge la nywele. Achille akayatupa kwenye mbabula, juu ya makaa. Yaliungua na harufu ya nyama. Akawasha simu ichukue picha na sauti, akatikisa kengele. Ikalia.

Nyuma ya mawe, upande wa mlima, nyingine ikaitika. Kisha nyingine. Kisha nyingi.

"Licencié!" Bulonza alipaza sauti kutoka shimoni kwake. Alimwita hivyo kila siku, kwa kejeli ya upendo. "Unauza kengele ao unaita batoto ya catéchisme?"

"Uko unasikia izo zingine, papa?"

"Zingine gani? Miye nasikia njala tu."

Achille akacheka, akatuma video Liège, akaweka kengele juu ya meza.

Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa waasi, majuma machache tu tangu waingie. Banki zilikuwa zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, mashimo ya risasi bado yanang'aa kwenye bati. Kwa hiyo kengele ilipolia mezani siku iliyofuata, saa ya mchana kabisa, bila mkono wa mtu, Achille alifikiri ni bomu limetikisa ardhi mahali fulani, au ni mlima. Akaenda mlangoni kuangalia.

Bulonza alikuwa ameinama juu ya shimo lake, nyundo mkononi. Kengele ikazidi kulia, mwendo wa kitu kinachokimbia, na harufu ikaingia uani, harufu ya manyoya yaliyolowa na ya kiberiti cha mlima, na Achille akaona vumbi jeusi likiruka kidogo kidogo juu ya lava, hapa, na hapa, na hapa, nyayo bila miguu, nyingi, zikivuka ukuta wa mawe, zikimzunguka jirani yake, na Bulonza akainua kichwa, akasema "Nani ana—", kisha koo lake likafunguka peke yake, wazi, jekundu, na kabla hajaanguka mkono wake wa nyundo ulivutwa upande huu na mguu upande ule, akaburutwa juu ya mawe makali akigeuzwa na kurudishwa, nguo ikichanika, nyama ikitoka vipande na kupotelea hewani, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya mifupa kuvunjika ndani ya midomo ambayo haikuonekana.

Kengele ikanyamaza. Lava ilikuwa imeshainywa damu.

Majirani walifika, wakatazama, wakafanya ishara ya msalaba. "Éclat ya bomu," mmoja akasema. "Ni obus, ilitokea uku," mwingine akaonyesha kwa kidole mahali popote. Mwezi ule mjini Goma hakuna maiti aliyeulizwa amekufa na nini. Vijana wa kuokota wafu wakapita na machela, wakamkunja Bulonza kwenye plastiki nyeupe, wakaenda zao. Na Achille? Angesema nini? Kwamba ana licence?

Ilipolia tena, Umwiza alikuwa kwenye robinet ya barabarani, anateka maji.

"Umwiza! Ingia! Ingia, achana na bidon!"

Alikimbia bila kuuliza. Mwanamke wa Rutshuru aliyekimbia vita vya kutosha haulizagi kwanza. Achille alikuwa ameshika mlango, anaona vumbi likiruka nyuma yake, karibu na visigino, karibu zaidi, akamkamata mkono na kumvuta ndani na kusukuma mlango kwa bega lake lote, lakini kitu kilikuwa kimeshaingiza kichwa kwenye nafasi ile, Umwiza akapiga ukelele ambao Achille hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima, na nyama ya nyuma ya mguu wake ikang'oka, kipande cha ukubwa wa kiganja, kikatoweka kwenye mwanga wa nje. Mlango ukafungika. Kucha zikapanda ukutani, juu ya bati, mlangoni, dirishani, mbao zikilia, misumari ikitoka, pumzi nzito zikinusa chini ya mlango mahali damu ilipokuwa ikipita. Mezani kengele iliruka kama kuku aliyechinjwa.

Iliponyamaza, vyote vikanyamaza.

"Iko nini ile?" Umwiza alinong'ona. "Achille, uliingiza nini mu nyumba yetu?"

Homa ilimchukua siku hiyo hiyo. Achille akamwita shangazi wa Umwiza, Mama Nyiramahirwe, aliyekuwa akitibu watu kwa mizizi mtaani Mapendo na kwa maombi upande mwingine, kutegemea nani anasikiliza. Alifunga kidonda kwa majani aliyoyatafuna mwenyewe, kisha akaomba kuonyeshwa kengele. Hakuigusa.

"Majani yake iko wapi?"

"Majani gani, mama?"

"Ya mu tumbo. Mukwe wangu, banakufundishaka nini kule université?" Akashusha sauti, macho mlangoni. "Muhigi akipeleka mbwa mu pori, anajaza majani mu inzogera, kengele ya mbwa, juu nyama asisikie. Akifika, anatoa. Kutoa majani ni kusema: kamata. Na ule mwenye izi mbwa, nyama yake ilikuwaka bantu. Alikufa, mulima ikamumeza na mbwa zake zote. Kuko mutu alimufungia, akajaza majani, akazika. Weye ukafungulia."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Jina yake? Ndani ya nyumba iko na mulango mubovu hivi? Jamais. Leta majani, nimufunge."

Achille akaonyesha mbabula kwa kidole. "Nilichoma."

Mama Nyiramahirwe akaanza kukusanya kanga zake.

"Basi miye kazi yangu imeisha. Kufukuza siwezi tena. Kengele ibakie hapa, karibu na sikio. Isitoke."

"Kitu inatuua, nikae nayo?"

"Mutu akivalisha mbwa kengele ni juu ya nini?"

"Juu muhigi ajue mbwa iko wapi."

"Na muhigi njo peke yake iko na masikio?"

Akatoka, akipita katikati ya uwanja haraka haraka, bila kuaga. Achille alibaki na hasira. Mafumbo! Maisha yake yote watu walimpa mafumbo: profesa, mawaziri, wachungaji, mabosi wa mashirika ya ONG waliosema watampigia simu. Jibu moja la wazi ndilo lilikuwa kwenye simu yake, limeandikwa kutoka Liège: *Magnifique. Je la prends.* Anaichukua.

"Naituma," alimwambia mke wake.

Umwiza alikuwa amelala, uso umelowa jasho. "Inje hatutume."

"Hii si radio ya Marseille. Itoke. Ikalie kwao."

"Na ba mbwa?"

"Ziifuate. Bale bantu banatutumia nini siye? Ba Bible, ba fusil, ba expert. Kila kitu inatuua ilifika hapa na étiquette juu yake. Na siye tu-exporter kidogo, kwani iko mubaya?"

"Ule muzee alikukosea nini?"

"Alizaliwa Liège."

Umwiza akageuza uso ukutani. "Unaongea sawa bale banatuuaka," akasema. "Ule mutu aliomba tu kusikia."

Maneno hayo yalimchoma, lakini hayakumzuia. Akafunga kengele kwenye vitambaa, kwenye boksi la sabuni, kwa utepe mwingi wa scotch, akavuka petite barrière, mpaka wa kuingia nchi jirani, pamoja na akina mama wenye ndoo za samaki, aende kuipeleka kwenye posta ya upande wa pili. Mtu wa douane, mkaguzi wa mizigo, akalipima boksi mkononi.

"Iko nini?"

"Cloche. Ya mbwa."

"Na mbwa iko wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Achille pia akacheka. Boksi likapita.

Na kweli, kukatulia. Meza ikakaa kimya, mbao hazikukwaruzwa, harufu ya kiberiti ikawa ile ya kawaida ya Goma ambayo hakuna anayeitaja. Kidonda cha Umwiza kikaanza kukauka pembeni. Alicheka tena, mara moja, Achille alipounguza foufou sufuriani. Kitu kimoja tu: mbwa wa Murara walikuwa bado hawabweki. Achille alikigundua siku aliyoona mmoja amejikunja chini ya lori bovu, anatetemeka, amejikojolea. Akajiambia ni njala. Mji mzima ulikuwa na njala.

Ilikuwa saa ya mchana, jua limetoka baada ya mvua, wakati Monsieur Émile alipopiga simu, sauti na picha. Umwiza alikuwa amechechemea hadi mwisho wa uwanja, kwenye shimo la marehemu Bulonza, anaanika mashuka juu ya mawe yenye joto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka peke yake.

Kwenye simu kulikuwa na uso mwekundu wa muzee mwenye furaha ya mtoto.

"Monsieur Sikuli! C'est extraordinaire! Inalia yenyewe! Kabati nimelifunga kwa ufunguo, hakuna anayeigusa, na tazama! Écoutez!"

Akageuza simu. Nyuma ya kioo safi, katikati ya kengele mia zilizotulia, ile moja ilikuwa ikiruka. Ilianza polepole. Kisha ikashika mwendo, ule mwendo ambao Achille aliujua kwa mifupa yake, mwendo wa kitu kinachokimbia na kinachokaribia.

Nyumbani, mezani, kimya. Nje, kimya. Hakuna jani lililotikisika, na kutoka upande wa mlima harufu ya manyoya yaliyolowa ikaingia taratibu kama mtu wa nyumba hii, na Achille akaelewa swali la mama yule, akalielewa lote, mwanzo hadi mwisho, akatupa simu na kukimbia mlangoni, akafungua mdomo kumwita mke wake, na mke wake akageuka, shuka jeupe mikononi, anatabasamu, anataka kuuliza nani amepiga, hajasikia kitu, angesikia nini, kengele iko Liège, wakati nyuma yake vumbi jeusi lilikuwa tayari linaruka juu ya ukuta wa mawe, hapa, na hapa, na hapa.

Sakafuni sauti ya muzee iliendelea kucheka kupitia mlio wa kengele.

"Vous entendez, monsieur Sikuli? Unasikia? Vous entendez?"