Mkanda wa Kiti cha Tatu

"Mama, samahani, hiki kiti kina hitilafu. Naomba ushuke."

Kapteni alisema kwa sauti ili abiria wote wasikie, mkono wake ukiwa bado kiunoni mwa yule mama. Kiti hakikuwa na hitilafu yoyote. Alipokuwa anamkazia mkanda, vidole vyake viligusa kitu kigumu chini ya gauni: mkanda wa hospitali, ule wanaovalishwa watu wenye mgongo mbovu.

Kapteni lilikuwa jina la utani la kazini la msichana huyu. Ndiye aliyeendesha chombo cha anga katika bustani ile ya michezo. Chombo chenyewe hakiendi popote. Ni chumba cha viti juu ya miguu ya chuma, mbele kuna skrini yenye nyota na sayari, na miguu ile ikianza kukurusha huku na kule, utaapa umefika mwezini. Mwenye mgongo mbovu akipanda, atashuka amebebwa.

Alimshika yule mama mkono hadi nje, akamnong'oneza.

"Mama, umevaa mkanda wa mgongo. Sikutaka kusema mbele za watu."

"Mh! Mikono yako ina macho wewe." Mama akatazama huku na huku. "Mwanangu, nakuomba, usimwambie mtu. Watoto wangu wakijua wataniondolea cherehani. Nikikosa kushona nitafanya nini, nihesabu nzi?"

"Sitasema, mama. Lakini na wewe ujihurumie."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Kapteni akarudi ndani, akafunga mlango, akashika maiki. "Abiria wapendwa, tunaondoka duniani. Atakayetapika atadeki mwenyewe." Watu wakacheka, chombo kikaruka, naye akasahau.

Jioni simu ikaita. Alikuwa mchumba wake, Fundi, yule yule anayekitengeneza chombo kile, ambaye siku hiyo alikuwa mapumziko. Jumapili ilikuwa ampeleke kwao, mama yake amwone mkwe kwa mara ya kwanza. Kapteni alikuwa ameshanyoosha gauni kwa pasi mara mbili.

"Niambie mpenzi," akapokea kwa madaha.

"Leo umemshusha mama mmoja kwenye chombo?"

"Eeh. Umejuaje?"

"Yule ni mama yangu."

Akakaa kwenye ngazi.

"Alikuja kuona ninapofanya kazi, hakuniaga," Fundi akaendelea. "Karudi amenuna. Namuuliza, anasema binti wa mlangoni kamshusha kwa dharau, eti vitu vya vijana. Hajui kuwa binti mwenyewe ni wewe. Niambie si kweli."

"Si kweli!"

"Sasa ulimshusha kwa nini?"

Hapo Kapteni akaelewa. Kumbe mama wa watu alitafuta uongo wa kuficha mgongo wake, na uongo wenyewe ukamwangukia mkwewe mtarajiwa.

"Kiti kilikuwa na hitilafu."

"Kipi?"

"Cha tatu."

"Hicho nilikikaza jana kwa mikono yangu! Nimempigia mwenzangu wa zamu, anasema viti vyote vimebeba watu kutwa nzima. Unamdanganya fundi kuhusu kiti chake?"

"Fundi, ninayo sababu. Siwezi kukwambia."

"Siri gani hiyo inayomhusu mama yangu nisiyotakiwa kuijua mimi?"

"Siwezi."

"Haya."

Simu ikakatwa. Kapteni alilia mpaka pua ikaziba. Akaandika ujumbe: "Mama yako ana mkanda wa mg..." Akaufuta. Neno lilikuwa limeshatoka mdomoni, na alilitoa kwa mtu mzima aliyemwomba. Akaandika mwingine: "Sijamdharau mama yako. Zaidi ya hapo sina la kusema."

Jibu likaja: "Basi Jumapili usije."

Asubuhi alifika kazini macho yamevimba. Alikuwa peke yake ndani ya chombo, anafuta viti, mlango ukafunguliwa. Akaingia yule mama, na nyuma yake Fundi, uso ameukunja.

"Shikamoo, mama," Kapteni akasema kwa shida.

"Marahaba, mwanangu." Mama akamgeukia mwanawe. "Wewe, lete mkono."

"Wa nini?"

"Lete! Gusa hapa."

Fundi akagusa kiuno cha mama yake. Uso ukambadilika.

"Mama, nini hiki?"

"Mgongo. Daktari kanivalisha huu mkanda siku nyingi. Mwenzio aliugusa, akasingizia kiti ili nisiaibike, nami nikamwapisha asiseme. Halafu nikaja nyumbani nikakudanganya. Nilijua ni binti tu wa mlangoni, nitamwona wapi tena? Jana usiku nakusikia unamwambia dada yako hakuna ugeni Jumapili, mchumba kamdharau mama. Sikupata usingizi."

Fundi akamtazama Kapteni. "Kwa nini hukuniambia? Nilikuwa nakuacha!"

"Nilimpa mama neno langu."

"Hata baada ya kujua ni mama yangu?"

"Hapo ndipo nisingeweza kabisa kulivunja."

Fundi akashika kichwa. "Nisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Sana," Kapteni akasema, machozi yanamtoka huku anatabasamu. "Ila nimekusamehe."

"Na mimi je?" mama akauliza kwa sauti ndogo. "Nimekupaka matope, mwanangu."

"Yameshakauka, mama."

Mama akamvuta, akamkumbatia kwa uangalifu wa mtu mwenye mgongo.

"Cherehani sasa ichukueni," akamwambia Fundi. "Bora niikose hiyo kuliko kumkosa mkwe wa namna hii."

"Hakuna atakayeigusa," Fundi akajibu. "Utashona nusu siku, na hospitali nitakupeleka mwenyewe."

"Tumekubaliana. Na huyu simsubirishi mpaka Jumapili. Namchukua leo, akapaone nyumbani."

"Mama, siwezi kuacha zamu," Kapteni akasema.

"Si kuna fundi hapa? Anayejua kiti kipi kizima na kipi kibovu? Ashike zamu!"

Kapteni akampigia msimamizi, msimamizi akakubali huku anacheka. Akamkabidhi Fundi ufunguo na maiki.

"Mimi maiki sijawahi kuishika!" Fundi akalalamika.

"Utajifunza."

Wakatoka wameshikana mikono, mkwe na mama mkwe, wakinong'onezana kama mashoga wa siku nyingi. Walikuwa bado hawajafika getini spika zikakoroma, sauti ya Fundi ikasikika bustani nzima, inatetemeka.

"Abiria wapendwa, mtanisamehe. Leo Kapteni hayupo. Ameenda kwao."