Mshindi Anabaki Mezani

Mke wa Rula alianza kushuku kwa sababu ya chaki.

Rula, mumewe, alikuwa mchezaji wa kulipwa wa puli, ule mchezo wa kutumbukiza mipira mashimoni mwa meza kwa fimbo, na jina la Rula alibandikwa kwa jinsi alivyopiga mipira ikanyooka. Meza ya mazoezi aliiweka chumba cha uani, watoto marufuku. Sasa, mchezaji mmoja ana chaki moja ya kupaka ncha ya fimbo, na ya Rula ilikuwa ya buluu. Siku mke alipoingia kufagia alikuta mbili. Ya pili ilikuwa nyekundu, imelika upande mmoja, na ilinukia udi.

Udi! Hapo mwanamke anahitaji kuambiwa nini tena?

"Baba watoto, siku hizi una mwanafunzi?" alimuuliza wakila mchana.

"Sina."

"Hata wa kike?"

Rula akacheka kidogo, akaacha chakula nusu, akarudi uani. Mtu aliyezoea kulamba sahani!

Na kwa mwezi mzima hakuna aliyemfunga. Mashindano matatu, makombe matatu, na fainali ya taifa ilikuwa wiki mbili mbele. Majirani walimpongeza mke, naye akaitikia kwa mdomo tu, maana mume aliyeleta makombe hayo alikuwa amekonda shingo, na jina la binti yake wa mwisho lilikuwa limemtoka, akawa anamwita "wewe mtoto".

Adhuhuri moja mke alivua ndala, akanyata, akatega sikio mlangoni. Akasikia mumewe anapiga, mpira unakosa shimo, mumewe anasonya. Kisha kiti kikalia. Ameketi. Vizuri, ndivyo wafanyavyo, ukikosa unampisha mwenzio. Halafu, mumewe akiwa bado anakohoa pale pale kitini, mipira ikagongana, mmoja ukatumbukia, ukafuata wa pili, na wa tatu, taratibu, bila hatua ya mtu, bila pumzi ya mtu, na ile harufu ya udi ikapita chini ya mlango, ikamzunguka vifundo vya miguu kama paka anayejipendekeza.

Akasukuma mlango. Ndani alikuwamo mumewe peke yake, na fimbo ya pili juu ya meza, bado inabiringika.

"Yuko wapi?"

"Punguza sauti." Rula alikuwa amelowa jasho. "Anakusikia."

Akamweleza. Kwenye kumbi za puli, ukitaka kucheza na mshindi unaweka sarafu ukingoni mwa meza; yeye akiigonga kwa kidole, amekukubali. Mwezi uliopita alikuta sarafu nyeusi kwenye meza yake mwenyewe, chumba kimefungwa, na kidole kikaigonga kabla kichwa hakijauliza ni ya nani.

"Mazoea, mke wangu. Miaka ishirini nagonga sarafu."

"Basi mwambie aondoke!"

"Mshindi anabaki mezani. Na kila siku mshindi ni yeye."

Mganga akaitwa. Alikuja na chetezo chake, akafukiza mpaka akakohoa mwenyewe, akaitazama meza, akaanza kufunga mkoba.

"Mzee wangu, mbona hivyo?"

"Mwanangu, mimi natoa wavamizi. Huyu kakaribishwa kwa sheria za wacheza puli, na kwa hizo hizo atatoka. Afungwe mchezoni. Lakini fanyeni haraka. Mumeo anazidi kuvutwa upande wa majini. Akifika, utabaki na makombe."

Kesho yake mke alikipiga deki kile chumba, akaleta stuli. "Leo mimi refa." Rula alitaka kukataa, akakosa sababu, na mke akaliweka hilo moyoni.

Rula akacheza, akakosa, akaketi. Fimbo ya pili ikanyanyuka yenyewe, ikalala juu ya kitambaa cha kijani, na kitambaa kikabonyea alama ya kiganja chenye vidole virefu mno, na mipira ikaanza kuingia mmoja baada ya mwingine huku taa ikififia na udi ukimkaba mke kooni, naye akitamani kufumba macho lakini akiyalazimisha yashuke, yashuke chini kwenye sakafu mbichi, ambako ndala za mumewe zilikuwa zimechora matope kote, mpaka mpira mweusi, wa mwisho, ukatumbukia.

"Faulo!"

Kila kitu kikasimama.

"Mpigaji lazima mguu mmoja uguse chini! Miaka kumi na miwili naisikia sheria hiyo kila mume wangu mfupi huyu anapopanda meza. Sakafu mbichi hii, nyayo zako ziko wapi? Umeingiza mweusi kwa faulo, umefungwa. Toka!"

Fimbo ikapasuka katikati. Mlango ukafunguka polepole, kwa adabu, na harufu ikatoka nje.

Mke akageuka amkumbatie mumewe. Rula alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

"Ulijua," mke akasema.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuita faulo."

"Ningeita, angeondoka. Nani angenifundisha?"

Kwa hiyo mwanamke hakukosea sana. Mgeni alikuwapo, na mume alikuwa akimficha.

Siku ya fainali mke aliketi mstari wa mbele, macho hayabanduki kwa mumewe. Rula alicheza vizuri, safari hii kwa jasho, akikosa na kurekebisha. Ukabaki mweusi. Akainama, akauingiza. Ukumbi ukalipuka, kombe la taifa! Rula akanyoosha mkono.

"Faulo yangu," akamwambia refa. "Mkono wa nguo umegusa mpira."

Refa hakuona. Mpinzani hakuona.

"Mimi nimeona," Rula akasema, akampa mpinzani mkono, akamwachia kombe.

Watu wakampigia makofi kwa uungwana wake, na mke akasimama kupiga nao, machozi yanamtiririka, maana huyu sasa ndiye mume aliyemwoa. Kisha viganja vyake vikasita hewani. Sare ya mashindano ilikuwa fulana ya mikono mifupi. Kuanzia viwiko hadi vidole, mikono ya Rula ilikuwa mitupu.

Akamfikia mlangoni, akamshika kiuno, na udi ukamjia puani.

"Baba watoto," akanong'ona, "mkono wa nguo ya nani?"

"Usigeuke," Rula akajibu. "Twende tu."