Kitabu cha Herufi Ndogo

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wasichana wanne wa darasa la sita walikutana kwa fundi cherehani. Walisogeza vitambaa pembeni, wakakaa sakafuni na kuchagua riwaya ambayo wote wangeisoma mwezi unaofuata. Nakala waliazima maktaba ya shule. Mwenyekiti alikuwa binti wa fundi mwenyewe. Wenzake walimwita Spika, maana mdomo wake haukujua likizo.

Spika alikuwa na siri. Kwa miezi mitatu hakuwa amemaliza kitabu hata kimoja. Alisoma maneno ya nyuma ya jalada na kurasa chache za mwanzo, kisha siku ya mkutano akawazidi wote kwa kuongea. Lakini mwezi uliopita, msichana mmoja mpole alimwuliza, "Mbona unamsifu yule nesi wa kwenye riwaya? Si ndiye aliyeiba dawa?"

Spika alibabaika, akageuza mazungumzo. Tangu siku hiyo alimwekea kinyongo mwenzake. Akambandika jina la Konokono, kwa kuwa alisoma polepole, pua ikikaribia kugusa karatasi.

Jumamosi hiyo riwaya zilikuwa mbili. Moja ilimhusu msichana mfuga nyuki. Nyingine ilikuwa nene, herufi zake ndogo kama sisimizi.

"Mimi naomba cha nyuki," Konokono alisema. "Hicho kingine herufi zake zinanichanganya."

Spika akaona upenyo. "Cha nyuki ni cha watoto. Tunachukua hiki kinene. Na kuanzia leo, asiyemaliza anatoka kwenye kundi."

Wale wengine wawili walitazamana, wakanyoosha mikono. Kukubaliana na Spika kulikuwa rahisi kuliko kubishana naye.

Mwezi mzima, wakati wa mapumziko, Konokono alikaa peke yake juani, kitabu kimemfunika uso, akijifuta machozi yaliyotokana na kukaza macho. Spika aliwaambia wenzake darasani, "Mwacheni, anakula karatasi." Darasa likacheka. Kesho yake mtu akamwekea Konokono kipande cha karatasi juu ya dawati na kumwambia, "Karibu chakula." Konokono alikikunja, akakitia mfukoni. Spika alicheka hadi mbavu zikamwuma. Nakala yake yeye ilikuwa chini ya kitanda, haijafunguliwa.

Siku ya mkutano ilipofika, Spika hakupoteza muda. "Konokono, simama. Tusomee ukurasa wa tisini, tujue kama umefika huko."

Konokono alisimama. Alileta kitabu karibu, akakirudisha nyuma, akakileta tena. Alisoma neno moja, akaruka mstari, akarudi. Mmoja wa wasichana akaguna. Mwingine akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mistari inapandana," Konokono alisema kwa sauti ndogo.

"Basi kasome ukuta," Spika alimjibu. "Ukuta hauna mistari."

Wakacheka wote watatu. Konokono alikiweka kitabu chini taratibu, akavaa viatu vyake. Hapo ndipo cherehani kwenye kona ikanyamaza.

"Ngoja, mwanangu," fundi alimwambia Konokono. Kisha akamgeukia binti yake. "Wewe mwenyekiti, niambie hadithi yenyewe inaishaje."

"Inaisha vizuri, mama. Baba wa wale watoto anarudi kutoka safarini, wanafurahi."

Wale wasichana wawili wakainamisha vichwa.

"Baba yao alikufa sura ya tatu," Konokono alisema akiwa mlangoni. "Waliomzika ni wale watoto." Akaondoka.

Fundi hakumpiga binti yake wala kumgombeza. Alimshika mkono, wakaenda hadi nyumbani kwa Konokono. Spika alilazimika kueleza yote mbele ya mama wa Konokono, tangu jina hadi karatasi ya dawatini. Yule mama alisikiliza huku akiendelea kukunja nguo, wala hakumwambia Spika akae.

"Naomba unisamehe," Spika alisema.

"Nimekusikia," Konokono alijibu. "Ila darasani usikae karibu yangu."

Fundi alikuwa amesikia habari ya mistari kupandana, hivyo wiki hiyo wale mama wawili walimpeleka Konokono kwa daktari wa macho. Daktari alishangaa kwamba alikuwa anasoma hata kidogo. Alimpa miwani, akasema maumivu ya kichwa aliyoyavumilia mwaka mzima yangekwisha.

Mkutano uliofuata, Konokono alikuja na miwani yake, na wenzake wakamwachia achague. Alichagua cha nyuki. Mwezi ulipokwisha, kila mtu alieleza alivyokielewa. Zamu ya Spika ikafika.

"Sijamaliza," alisema. "Nimefika ukurasa wa arobaini na mbili."

Hakuna aliyemcheka, wala aliyemkumbusha sheria yake ya kumtoa asiyemaliza. Konokono alimtazama kidogo, akaendelea kuongea na wengine.

Walipoondoka, Spika alilia. Mama yake alimwacha alie, kisha akasema, "Mwenzako macho yake yalikuwa mabovu, akasoma. Yako ni mazima, ukasoma jalada. Huo ulikuwa uvivu, na uvivu unatibika kwa kazi. Lakini uliuficha kwa uongo, na uongo wako ukahitaji mtu wa kuumizwa ili usijulikane. Leo umesema kweli. Endelea hivyo hivyo, na usimdai mwenzako urafiki. Akitaka, atakupa mwenyewe."

Spika akajifuta uso, akafungua ukurasa wa arobaini na tatu.