Mlinzi wa Saa Moja

Wiki ya kufungua shule, duka la vitambaa huwa halina adabu. Kila mama anataka mita zake za sare, na kila mmoja anamsukuma mwenzake kwa kiwiko. Katikati ya msukumano huo alisimama msichana mwembamba, gauni la kijani lenye kola nyeupe, futi ya kupimia shingoni kama mkufu, pini tatu kazibana midomoni. Alikuwa akijifunza ushonaji humo dukani, ana miaka kumi na minane, na kwa ajili ya zile pini watu walimwita Pini. Walidhani hasemi kwa sababu ya pini. Bibi yake aliyemlea alijua ni kinyume: pini zilikaa pale ili asiseme.

Kiwiko kikampata, simu yake ikaruka, kisigino cha mtu kikaimalizia. Kijana mmoja akapiga magoti kati ya miguu ya watu, akaiokota. Shati lake lilikosa kifungo cha pili, na bisibisi ndogo ilichungulia mfukoni.

"Haijafa," alisema, akiitegea sikio kama daktari. "Imezimia tu. Mwenye mgonjwa ni nani?"

Pini akainua mkono.

"Mbona mwenye mgonjwa ni bubu?"

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kola. "Mwenye mgonjwa anataka kujua kama daktari ana ujuzi, au ana maneno tu."

Ujuzi alikuwa nao. Alifanya kazi kwenye kibanda cha simu cha mjomba wake, ng'ambo ya barabara, na kwa vile alipo hapapoi, watu walimwita Chaji. Kesho yake simu ikarudi na kioo kipya na kilema kimoja: spika ya sikioni imekufa, na nyingine haipatikani mpaka mzigo ufike. Kila atakayepiga atasikika nje, kama redio.

"Ukiwa na siri, kazisemee uani," Chaji alimtania.

Pini alicheka, ila kwa kuchelewa kidogo.

Siri alikuwa nayo, kazaliwa nayo. Virusi vya ukimwi alivipata kwa mama yake, aliyefariki mtoto akiwa hajaota meno. Bibi alimwambia alipofika miaka kumi, kwa kitendawili, maana bibi yule jambo zito hakulisema bila kulifunga kwanza. "Mgeni wangu aliingia bila hodi, na kuondoka haondoki. Nikimwekea mlinzi kila jioni, analala." Pini alifikiri mpaka akachoka, akatoa mji. Bibi akaukataa mji, akafungua chupa ya vidonge.

Tangu siku hiyo kidonge kiliitwa mlinzi, kwa sababu chumba chao cha kupanga kilitengwa na majirani kwa ukuta wa mbao tu, na neno "dawa" lina miguu mirefu. Kidonge kimoja kwa siku, saa moja jioni, saa ambayo Pini yumo kazini bado. Kwa hiyo kila gauni alilojishonea alilitia kimfuko ndani ya mshono wa ubavuni, kidogo kama ukucha wa gumba, na kidonge kikakaa humo ndani ya kipande cha nailoni. Saa moja ikigonga, bibi hupiga simu. "Mlinzi kafika?" Naye hujibu, "Kafika." Basi.

Mtu mwingine aliyewahi kuambiwa alikuwa shangazi. Hakugomba, hakumfukuza mtu. Alipaka tu rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono wa kikombe kimoja, kile cha Pini, eti visichanganyike. Pini alikuwa na miaka kumi na miwili. Hata sasa akiiona rangi ile kwenye vidole vya mteja, vipimo humpotea.

Mapenzi nayo hayakuuliza habari za kikombe. Chaji alipiga kila mchana, sauti yake ikajaa chumba kizima cha ushonaji, ikapita juu ya cherehani na kumfikia Mama Fundi, mwenye duka.

"Pini wangu, umekula?"

"Wako anapiga pasi," Mama Fundi alimjibu bila kuinua macho. "Mimi ndiye sijala, na hakuna anayeniuliza."

Chaji aliomba kifungo. Pini akamwambia shati lile limeshakula chumvi ya kutosha, atamshonea jipya. Alimpima kifua, pini mdomoni, naye Chaji akabana pumzi mpaka Mama Fundi akamwambia apumue, asije akashonewa nguo ya marehemu. Shati la mistari myembamba ya samawati lilimchukua Pini siku tatu.

Bibi alipopata habari hakukataza. Alimwambia apende, ila asifungue kinywa. "Siri ni yai, mjukuu wangu. Likishaanguka huliokoti."

"Na likiozea mkononi, bibi?"

Bibi akahesabu vidonge vilivyobaki, akafunga chupa.

Jioni ya kukabidhi shati walikaa kwenye ngazi za duka. Simu ikaita kabla Pini hajainuka. "Mlinzi kafika?" Akajibu upesi, akakata. Chaji alikwisha kulisikia swali hilo mara tatu au nne, akalimeza. Leo likamkwama.

"Huyo mlinzi ni nani?"

"Wa nyumbani."

"Bibi anamjua?"

"Bibi ndiye aliyemleta," alisema Pini. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyoharibu mambo. Chaji akaona mchumba aliyekwisha kupokelewa na wazee. Akachukua shati, akashukuru kama mtu anavyomshukuru muuzaji, akavuka barabara.

Siku mbili simu ya mchana haikulia. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, jua likielekea kuzama, wateja watatu wakiwa ndani. Akalitandika shati juu ya meza ya kukatia, akaligeuza ndani nje.

"Nimerudisha nguo ya mwenyewe," alisema. "Sikuagiza mfuko huu. Ulimshonea mlinzi wako, likambana, nikapewa mimi."

Pini akatazama. Ubavuni, ndani ya mshono, palikuwa na kimfuko kama ukucha wa gumba. Mkono uliozoea hauombi ruhusa. Ulishona kwenye shati la mpenzi kama unavyoshona kwenye magauni ya mwenyewe.

Mama Fundi akainama kuangalia. "Hapa hata pete haiingii."

Wateja wakacheka. Mmoja akanyoosha kidole akakitia mle, kidole chenye rangi nyekundu ya kucha. "Labda ni mfuko wa kuwekea uchungu," alisema.

Pini alishika pini tatu. Kuzibana midomoni kulikuwa rahisi: Chaji ataondoka na hasira yake, siri itabaki salama. Akisema, huenda akavikosa vyote, siri na mtu. Mkono ulifika kidevuni, ukasimama. Akazirudisha kwenye mto wa kuchomekea pini.

"Twende uani."

Uani palikuwa na pasi ya mkaa inayopoa na sare kumi zimetundikwa kama watoto wamepanga mstari. Hajatamka neno, simu ikaita.

"Mlinzi kafika?"

"Bado, bibi. Anafika sasa hivi. Na leo kuna mtu atamwona."

"Una hakika, mjukuu wangu?"

"Sina."

"Haya. Kinywe kwa maji mengi," alisema bibi, kwa mara ya kwanza bila kufumba, akakata.

Pini akajigeuza ubavu, akatoa kidonge, akamwonyesha kwenye kiganja.

"Huyu ndiye mlinzi. Nina virusi vya ukimwi, nimezaliwa navyo. Kila nguo yangu ina mfuko kama ule. Shati lako, mkono ulijiendea wenyewe."

Akameza kwa maji ya bomba. Chaji alimtazama koo likipanda na kushuka.

"Ungeniambia lini?"

"Sijui. Labda nisingekuambia. Sitakudanganya leo, nimeshachoka."

Chaji alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Akapita ndani, akatoka. Pini aliporudi mezani, shati halikuwepo.

Ndipo ikaanza shida ya kungoja. Wateja wakinong'ona bei, yeye husikia jina lake. Chai ya saa nne ikiletwa, hugeuza kikombe kwanza, autazame mkono wake. Mama Fundi akamuuliza kama anatafuta nyufa. Siku nne zilipita hivyo, kikombe kile kile, mkono wake mweupe usio na alama. Chaji hakusema kwa mtu. Lakini na kwake hakusema.

Siku ya tano, jioni, aliingia amevaa shati la mistari, vifungo vyote mahali pake. Akaweka kifuko kidogo juu ya meza.

"Kifaa kimefika."

Alifungua simu kwa bisibisi, akatoa spika mbovu, akapachika nzima, hakumtazama mtu usoni. Kisha akasema lazima ajaribu, akatoka uani. Simu ikaita. Pini akaiweka sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, sauti ile ikaingia kwake peke yake.

"Unanisikia wewe tu?"

"Mimi tu."

"Sikufichi, niliogopa. Nilikwenda kituo cha afya, nikauliza bila kukutaja. Nesi akasema anayemeza dawa kila siku, mpaka kipimo kisivione virusi, hamwambukizi mpenzi wake. Akanipima na mimi, isiwe wewe tu unayejijua."

"Mbona leo sisikii chochote?" Mama Fundi alilalamika. "Spika imekuwaje hiyo?"

Pini akaibana simu sikioni. "Ni hayo tu, daktari?"

"Ule mfuko usiufumue," Chaji aliendelea. "Nipe kidonge kimoja cha akiba nikiweke humo. Siku ukichelewa, niwe na zamu yangu. Mambo ya maisha yote siwezi kukuahidi nikiwa uani kwa watu, Pini wangu. Tutayazungumza, na bibi akiwepo." Sauti ikashuka. "Saa moja hiyo. Mlinzi kafika?"

Mkono wake ulikuwa tayari ubavuni.

"Kafika," alisema.

"Nani kafika?" Mama Fundi akasimamisha cherehani.

"Kitendawili," Pini akamjibu.

"Tega."

Pini akamtazama mama wa watu, akatazama na kikombe chake mezani. Pini zote tatu zilikuwa kwenye mto.

"Bado, mama," alisema. "Nikiwa tayari, nitakutegea mwenyewe."