Fundi Cheche na Ushirika wa Viti

Nyumbani kwetu hatuhitaji jogoo. Kukipambazuka tu, mume wangu anaanza kugonga vyuma, na mtaa mzima unaamka, upende usipende. Yeye ni fundi wa kuchomelea. Watu wanamwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu ya hasira zake pia. Karakana yake ni banda la mabati mbele ya nyumba. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa mlangoni nashona, huku namsikiliza akigombana na mabomba.

Tuna binti mmoja. Ana miaka kumi na mitatu, ana akili nyingi, na kwa maneno ananishinda hata mimi. Miguu yake haina nguvu tangu alipozaliwa. Viti vya magurudumu vya dukani vinataka sakafu laini, na njia zetu ni mashimo na kokoto. Kwa hiyo Cheche alimtengenezea kiti chake mwenyewe. Kina magurudumu matatu, na lile la mbele limesogezwa mbali ili kiti kisipinduke. Mimi nikashona sehemu ya kukalia kwa turubai.

Kiti kile kilipita pasipopitika. Wazazi wengine walipokiona, wakaja mmoja mmoja.

"Fundi, na mwanangu je?"

Cheche hakumkatalia mtu. Lakini alikuwa anakunja mabomba kwa mikono, kwenye rimu kuukuu ya gari. Kiti kimoja kilimchukua mwezi mzima. Watoto kumi na wanane walikuwa wanasubiri, na wengine walikuwa hawajawahi kuliona darasa.

Siku moja tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya serikali. Vyama vya ushirika vya mafundi wa viti vya magurudumu vilikuwa vinatafutwa. Chama kitakachosajiliwa kitapewa mafunzo bure, mahali pa kufanyia kazi, na mashine ya kuazima. Kiti chake kikifaulu ukaguzi, chama hicho kitatengeneza viti vya wanafunzi wa eneo letu.

Cheche alisoma mara tatu, akarudi mbio.

"Mke wangu, hili jambo ni dogo! Wanataka watu kumi. Ukoo wetu una watu wangapi?"

Hapo ningepaswa kumzuia. Sikumzuia. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyeandika majina.

Afisa ushirika alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Akaipokea karatasi yetu, akasoma kwa sauti.

"Mwenyekiti ni baba. Katibu ni mama. Mweka hazina ni bibi. Bibi ana umri gani?"

"Themanini na mbili," Cheche alijibu. "Lakini anaona vizuri."

"Na huyu binamu, anafanya kazi gani?"

Cheche alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Anakula," nikasema. Uongo siuwezi.

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. "Jamani, hiki si chama. Hii ni orodha ya waalikwa wa harusi."

Kisha akavuta kiti karibu, akatueleza polepole.

"Ushirika ni mali ya wanaofanya kazi pamoja. Mlango uko wazi kwa kila anayeihitaji kazi ile na kuyakubali masharti. Kila mwanachama ana kura moja. Aliyeanzisha ana moja, aliyeingia jana ana moja. Na viongozi wanachaguliwa, hawajichagui."

"Lakini mimi ndiye niliyebuni kiti!" Cheche alipandisha sauti. "Leo niwe sawa na mtu baki?"

"Ubunifu wako utaandikwa kwenye masharti ya chama, ijulikane ni wako. Ila nikuulize, baba. Kiti chako hakina kasoro yoyote?"

"Hakina."

Kiburi si maungwana. Magurudumu yake yalikuwa yanayumba, na alijua. Vyuma anaviweza, magurudumu hayawezi. Na fundi baiskeli hodari kuliko wote alikuwa ng'ambo ya barabara yetu, hatua thelathini tu. Tunamwita Spoku, kwa jina la zile nyaya za gurudumu. Cheche na Spoku hawakuwa wamesemezana kwa miaka minne, kisa spana. Kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyeichukua.

Wiki hiyohiyo gurudumu likavunjika njiani, wakati darasa lao likitoka shule. Mwalimu alimrudisha binti yetu nyumbani akiwa amembeba mgongoni. Nilimweka kitandani. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, siendi tena shule."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nimebebwa mbele ya darasa zima. Mimi si gunia. Nikipata kiti kisichovunjika, nitakwenda. Nisipopata, nabaki hapahapa."

Cheche alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia yote. Moyo uliniuma kwa ajili yao wote wawili. Cheche alinawa mikono, akavuka barabara. Nikamfuata nyuma, maana namjua.

Spoku alikuwa ameinamia baiskeli. Hakuinua kichwa.

"Umeleta spana yangu?"

"Spana yako sina," Cheche alisema. "Nina shida, jirani. Binti yangu amekataa shule kwa sababu ya magurudumu yangu. Mimi siyawezi. Wewe unayaweza."

Spoku akanigeukia. "Shemeji, huyu ni Cheche kweli, au nimemfananisha?"

"Ndiye. Mshike kabla hajabadilika."

Spoku akacheka, akafuta mikono yake. "Haya, kiti kiko wapi?"

Umoja ni nguvu, tunasema kila siku. Siku ile niliuona kwa macho. Spoku alimleta seremala. Seremala alimleta fundi viatu, ambaye mwenyewe anatembelea kiti cha magurudumu. Mimi nikawaleta mafundi cherehani wenzangu. Tukafika watu kumi na watano, wote wenye kazi mikononi. Bibi na binamu tukawaacha wapumzike.

Afisa ushirika alikuja kusimamia uchaguzi. Kura zilikuwa za siri. Cheche alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, shati la mwenyekiti kabisa. Matokeo yakatangazwa: fundi viatu kura kumi na moja, Cheche kura nne. Na niseme ukweli wangu hapa, ya kwangu haikuwa katika zile nne. Nilitaka tuongozwe na mtu anayekikalia kiti mchana kutwa, anayejua kinapouma.

Cheche alisimama. Nikasema moyoni, leo patachimbika. Akakohoa.

"Mwenyekiti," alisema, akimtazama fundi viatu, "naomba ruhusa ya kuongea."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Mimi nilijisikia fahari kuliko siku aliyonioa. Hapohapo wakamchagua awe msimamizi wa karakana.

Chama kikasajiliwa. Serikali nayo ikatimiza ahadi. Tulisoma wiki mbili: namna ya kuendesha mikutano, kugawana kazi, na kupima ubora. Tukapewa ghala lililokuwa tupu, na ndani yake mashine ya kukunja mabomba. Bomba lililokuwa likimtesa Cheche asubuhi nzima sasa lilikunjwa kabla hujamaliza kusalimiana na jirani.

Mwenyekiti naye hakuwa mtu wa kupamba viti tu.

"Ndugu Cheche, sehemu ya kuwekea mkono iko juu mno."

"Nani kasema?"

"Bega langu."

Cheche akaishusha bila ubishi. Spoku akasuka magurudumu upya, waya kwa waya. Sisi wa cherehani tukashona turubai mara mbili.

Ikafika siku ya ukaguzi. Wakaguzi walipakia mifuko miwili ya saruji kwenye kiti chetu. Wakakisukuma kishuke ngazi za zege, si mara moja, mara kumi. Kila kilipogonga ngazi, Cheche alifumba macho. Spoku alimshika mkono, na wala hakujua kama amemshika. Mara ya kumi kiti kikatua, kikaendelea kwenda mbele, kimenyooka.

"Kimefaulu," mkaguzi alisema.

Spoku na Cheche walikumbatiana, wakalia hadharani, wanaume wazima. Sisi wanawake tuliimba njia nzima mpaka ghalani. Kazi ikaanza siku hiyohiyo.

Leo chama kina watu thelathini na wawili. Hospitali mbili zimeagiza viti kwetu, na mafundi wa miji mingine wanakuja kujifunza. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile shule zilipofunguliwa. Shule iko juu ya kilima. Watoto kumi na tisa walikusanyika chini, kila mmoja kwenye kiti chake kipya. Binti yetu alikuwa wa mbele. Alikaza mikono, akaanza kupanda. Cheche alikuwa nyuma yake, ameinama, viganja vinagusa kiti.

"Toa mikono, baba," binti alisema bila kugeuka.

"Ni mlima, mwanangu."

"Toa mikono."

Cheche akainua mikono yote miwili juu, akabaki nayo hewani. Binti akapanda, akafika, akaingia getini mwenyewe. Na wale kumi na wanane wakamfuata.