Koti la Daktari Clara

Foleni ya zahanati pale Vingunguti ilikuwa imemwagika hadi barabarani Didas alipoingia, gamboti za machinjioni miguuni, mkono ameufunga kwa kitambaa kilicholowa damu.

"Kisu kimeniteleza, dokta."

"Kaa."

Kokuberwa akamshona bila kumtazama usoni.

"Dokta, mbona umenuna kama mie ndiye niliyekukata?"

Akakaza uzi, akaukata. Alikuwa daktari wa kushikia nafasi za watu: mwenyewe akienda likizo, yeye anakalia kiti chake, akirudi, anahamia zahanati nyingine. Tangu amzike mama yake, kazi hiyo ilimfaa. Alikula, alilala, alitibu, wala hakusikia furaha wala uchungu.

Didas akasoma jina lililodariziwa kwenye koti jeupe. "Ahsante, dokta Clara."

Clara ndiye mwenye koti, yuko likizo ya uzazi. Kokuberwa akaona, kumsahihisha ya nini? Si anaondoka tu.

Lakini mwanamume king'ang'anizi, jamani! Alikuja kusafishwa kidonda, akaondoka na namba ya simu.

"Clara wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sijui."

"Ala! Mtu anakula hajui alichokula? Nakuletea supu."

Supu ilikuwa na pilipili ya kutosha. Kokuberwa alikohoa, akacheka, kicheko chake mwenyewe kikamtisha. Likizo ya Clara ilipokwisha, akalivua koti, akahamia Madale bila kuaga.

Didas akaja na hotipoti yake mlangoni Vingunguti. "Namtaka dokta Clara."

"Ndiye mimi, kaka," akajibu mama mnene, mchangamfu. "Nikusaidie nini?"

Simu ikalia Madale. Kokuberwa alikuwa ndani ya koti la Dokta Wilfred, mikono imempita vidole.

"Wewe nani?" Didas akauliza. "Nimesimama hapa na supu kama mwehu. Ulikuwa unanicheka?"

"Mie ni daktari wa muda tu."

"Sikuulizi kazi. Jina lako nani? Usiponiambia, nafuta namba."

Aliogopa Didas asije akakata simu, na kuogopa kwenyewe alishakusahau.

"Kokuberwa. Mama ndiye aliyekuwa akiniita hivyo. Tangu afe, kila mtu ananiita dokta."

Kisha Didas, mtu wa Songea, akalijaribu jina hilo la Kihaya polepole, asilikosee.

"Ko-ku-be-rwa. Haya, Kokuberwa. Umekula?"

Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu msiba, yakalilowesha koti la watu.

"Bado," akasema. "Njoo Madale."